Wasifu Uliofika Mara Mbili

Kwa miaka kumi na saba hakuna kitambaa kilichotoka kwenye kiwanda kile bila kupita mbele ya macho ya Bi Jicho. Jina hilo alipewa na wapika rangi, wanaume wa mabuti na aproni waliokuwa wakishinda kwenye mvuke wa mapipa, na kabla ya mwaka kwisha hata meneja alikuwa akimwita hivyo bila kukumbuka kuwa mama yule ana jina lake la kuzaliwa. Kazi yake ilikuwa kulinganisha rangi. Mteja akileta kipande cha kitambaa na kusema anataka mita elfu tano za bluu hiyo hiyo, Bi Jicho ndiye aliyeandika gramu ngapi za unga upi ziingie kwenye pipa. Kipande cha kwanza kikitoka, alikikata kingali cha moto, akakiingiza kwenye sanduku la taa na kukitazama chini ya mwanga kama wa mchana, kisha chini ya taa nyeupe ya dukani, kisha chini ya taa ya njano ya sebuleni. Rangi ni laghai, alikuwa akiwaambia wanagenzi. Vitambaa viwili vinaweza kuwa mapacha juani na vikakanana dukani.

Kiwanda kilikufa polepole, kama mgonjwa asiyetaka kusumbua watu. Ilianza kuondolewa zamu ya pili, ikafuata chai ya saa nne, kisha mapipa matatu kati ya matano yakafunikwa maturubai. Siku barua zilipogawanywa, Bi Jicho alimalizia kwanza pipa lililokuwa likichemka, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, ndipo akafungua bahasha yake. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Bluu ya sare za shule ilikaa kwenye kucha zake wiki mbili nzima baada ya hapo, na siku ilipokwisha kabisa alijiona kama mtu aliyevuliwa pete.

Nyumbani walikuwa wanne: yeye, mumewe aliyekuwa muuguzi wa zahanati, na mabinti wawili wa sekondari. Wa tano alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyepanga chumba mtaa wa pili lakini sahani yake ilikuwa hapo kwao. Watu walimwita Mipango, kwa sababu hakuna siku aliyokosa mmoja. Alikuwa mtu wa shati lililonyooshwa na bahasha kwapani. Kila asubuhi alitoka kwenda mjini kufuatilia mambo; mambo gani, hakuna aliyemuuliza sana, maana majibu yake yalikuwa marefu.

Miezi miwili ya kwanza Bi Jicho alituma barua kama mtu anayepanda mbegu kwa kuzirusha hewani. Thelathini na kitu alizituma, akajibiwa mbili, zote za kumshukuru. Alimpa hata shemeji yake nakala ya wasifu wake akamtolee nyingine tano dukani, azigawe atakapoona mlango wazi. Majirani walimwambia subira yavuta heri. Aliitikia kwa adabu, lakini moyoni aliona subira yake imevuta mpaka kamba imekatika.

Mwenzake mmoja wa zamani wa kiwandani ndiye aliyemwelekeza kwa wakala wa ajira. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ngazi zilinuka saruji na rangi ya mafuta. Wakala alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye simu mbili na meza iliyojaa mafaili yaliyofungwa kwa mpira. Alimwonyesha kiti bila kuinua macho, akamuuliza anatafuta kazi gani.

"Kazi yoyote, dada," Bi Jicho alisema. "Mchagua jembe si mkulima."

Wakala aliweka kalamu chini. "Kazi yoyote mimi sina. Nina mwajiri anayetaka mtu fulani kwa kazi fulani, na yeye ndiye anayenilipa nikimpatia. Wewe hunilipi kitu, kwa hiyo usinichukulie kama shangazi yako. Lakini ukinisaidia nikakuelewa, nitakunadi vizuri."

Maneno yale yalimchoma. Mtu wa umri ule angeweza kumtuma chumvi dukani. Alitaka kuinuka, lakini alikumbuka ngazi alizopanda, akakaa. Wakala akamwambia aeleze kazi aliyokuwa akifanya kana kwamba anamweleza mtu asiyejua kitu, na hapo Bi Jicho akababaika, maana kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumtaka aeleze. Walimwonyesha kitambaa tu. Akatazama huku na huku akitafuta mfano. Kisha akanyoosha kidole dirishani na kusema kwamba pazia la kulia halikununuliwa siku moja na la kushoto. La kulia lilikuwa na uwekundu kidogo ndani ya kijani chake.

Wakala aligeuka akayatazama mapazia kwa muda. Akamwita mpokezi wa wageni, na mpokezi akakiri kwamba ndiyo, lile la kwanza liliunguzwa na pasi mwaka juzi, wakanunua jingine. "Nimekaa hapa miaka mitatu," wakala alisema, na kwa mara ya kwanza akavuta karatasi.

Walikaa pamoja saa nzima. Wakala alifuta kwenye wasifu ule maneno yote ya mchapakazi, mwaminifu na mwenye bidii. Alisema kila anayeingia pale ni mwaminifu na bado hajaona aliyeandika kuwa ni mwizi. Mahali pake aliandika kwamba kabla Bi Jicho hajapewa sanduku la taa, marobota kumi katika mia yalirudishwa na wateja kwa sababu ya rangi, na kwamba alipoondoka lilikuwa likirudi moja, tena kwa nadra. Alimtaka ataje mshahara wa chini kabisa anaoweza kuupokea bila kulia, na Bi Jicho alipotaja wa kujionyesha, wakala alimngoja mpaka akataja wa kweli. Wakaelewana kwamba kila baada ya wiki mbili, Jumanne, Bi Jicho atamwandikia ujumbe mfupi, mistari miwili tu, wa kumkumbusha yupo. Halafu wakala akasema la mwisho, na hili alilisema taratibu. Akipeleka jina lake mahali, liwe limepelekwa na yeye peke yake. Mwajiri akipokea mtu mmoja kutoka kwa mawakala wawili, huogopa kugombewa malipo, na huwatupa wote watatu. Akamuuliza kama kuna wakala mwingine mwenye karatasi zake.

Bi Jicho alisema hakuna. Alisema akiamini hivyo.

Ikapita miezi mitatu. Jumanne zilikuja na kuondoka, naye akaandika mistari yake miwili. Mara nyingine wakala alijibu kwa neno moja, "Nimeona," na neno hilo lilimtosha wiki nzima. Mumewe aliongeza zamu za wikendi na kuanza kusinzia akila. Mabinti waliacha kuomba vitu, jambo lililomuuma zaidi kuliko wangeomba. Mipango aliendelea kutoka asubuhi na bahasha yake, na akirudi alimwambia shemeji yake asiwe na wasiwasi, mambo yanaiva.

Kisha simu ikaja. Kiwanda cha nyuzi za kushonea kilikuwa kinatafuta mlinganishaji rangi. Waliletewa majina arobaini, na wamechagua watatu wa kuwaona Alhamisi. Yeye ni mmojawapo, na wakala alidhani ndiye wa mbele. Bi Jicho alipokata simu alikaa kwenye ukingo wa kitanda akiwa ameshika magoti. Jioni ile alikwenda duka la cherehani akaomba kuangalia nyuzi za dukani, zote, nyekundu kwa nyekundu, mpaka mwenye duka akamuuliza kama amepoteza kitu.

Jumatatu, kabla ya saa sita mchana, wakala alipiga tena. Sauti ilikuwa kavu. Usaili umefutwa, kwa upande wake. Kiwanda kilipokea jina la Bi Jicho kutoka ofisi nyingine siku moja kabla wakala hajalipeleka.

"Nilikuuliza," wakala alisema. "Ukaniangalia machoni ukasema hakuna."

"Hakuna, dada. Wallahi hakuna."

"Basi nitakutumia, usome mwenyewe."

Picha ya karatasi ikaingia kwenye simu. Lilikuwa jina lake, na miaka yake kumi na saba, lakini maneno mengine hakuyajua. Aliitwa humo mtaalamu mbobezi wa rangi za kimataifa. Aliitwa mwenye maono. Picha iliyobandikwa pembeni ilikatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya binamu wa mumewe, na bega la mtu mwingine lilionekana. Hakuhitaji sanduku la taa kumjua aliyeipika.

Alisubiri mpaka Jumapili, mumewe alipokuwa nyumbani, kwa sababu hakutaka iwe ugomvi wa mtu na shemeji yake uani. Walipomaliza kula mchana, aliwaambia mabinti waende kwa jirani. Akaweka simu mezani, katikati ya sahani.

Mipango aliitazama picha ile na uso ukafunguka kama wa mtu anayepongezwa. Alieleza kwamba ndiyo, alimpata wakala mmoja mzito, mtu wa tai, walikutana benki kwenye foleni. Alikuwa ameona nakala tano hazitoshi, kwa hiyo alitoa zaidi, na akaipamba kidogo, maana dunia ya leo haitaki unyenyekevu. Mtego mmoja haukamati, alisema. Aliposikia kuwa usaili umefutwa kwa sababu yake, alicheka kwa kutoamini, kisha akasema hao mawakala wa kike ndivyo walivyo, wana wivu.

Mumewe aliingilia. Alisema mdogo wake alitaka mema, na mtu hapigwi kwa kutaka mema.

"Sijampiga," Bi Jicho alisema. "Nimemsikiliza miezi mitano. Shemeji, nilikuwa na kitu kimoja tu kwa yule dada, nacho ni kwamba nikisema neno ni kweli. Kiwanda sina, barua ya sifa sina, meneja wangu simu yake haipatikani. Nilikuwa na hicho kimoja. Sasa naomba uniandikie hapa kila mahali ulipopeleka jina langu."

Akamsukumia daftari la binti na kalamu. Mipango alimtazama kaka yake. Kaka yake alikuwa akitazama sahani. Mipango akaanza kuandika. Sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, aliziandika kwa haraka. Kwenye ya sita akasimama. Alisema nyingine hazikumbuki vizuri, labda kulikuwa na kiwanda cha sabuni, labda ile ofisi ya mzungukoni. Bi Jicho hakupaza sauti. Alimuuliza siku, alimuuliza mlango uko upande gani, nani alikuwa mapokezi, kama vile angemuuliza mpika rangi aliyekosea unga, na polepole orodha ikafika kumi na moja. Na kadiri ilivyorefuka ndivyo wote watatu walivyoanza kuona jambo ambalo hakuna aliyelitafuta. Kila siku iliyokuwa kwenye orodha Mipango alikuwa amesema yuko mjini anafuatilia mambo yake, kumbe alikuwa amebeba bahasha ya shemeji yake.

Mumewe ndiye aliyeuliza. "Na ile kazi yako ya kutoa mizigo bandarini?"

Mipango aliweka kalamu. "Iliisha mwaka wa kabla ya mwaka juzi."

"Miaka mitatu?"

Mipango alisukuma daftari pembeni. Alimgeukia Bi Jicho. "Shemeji, nikiingia na bahasha yako, walinikaribisha kiti. Walisoma, waliniuliza maswali, huyu mama yukoje, yuko wapi sasa. Nikiingia na yangu walinionyesha mlango. Basi nikawa natoka na yako."

Mume alikusanya sahani, akazipeleka jikoni, akazisafisha moja moja kwa muda mrefu, na maji yalisikika. Bi Jicho alitaka kuendelea kukasirika. Hasira ilikuwa haki yake na alikuwa ameilea wiki nzima. Lakini alipomwangalia shemeji yake kwenye shati lake lililonyooshwa, mwanamume wa miaka thelathini na tisa, hakuona pa kuiweka. Na hakuweza kumsamehe pia, bado. Alichukua daftari, akachana ukurasa, akamwambia ahsante.

Jumatatu alikwenda bila miadi. Mpokezi wa wageni alimwambia dada yuko na shughuli, naye akasema atangoja. Alingoja tangu saa tatu mpaka saa saba, huku watu wakiingia na bahasha zao na kutoka nazo. Wakala alipotoka na bakuli lake la chakula mkononi na kumwona, alisimama kidogo kama mtu anayepiga hesabu, akasema, "Dakika tano."

Bi Jicho hakuomba ile kazi ya nyuzi. Alisema kwanza kwamba alidanganya bila kujua, na kosa ni lake, kwa kuwa ndiye aliyetoa nakala na kuzisahau. Alisema ni ndugu wa nyumbani, hakumtaja zaidi. Kisha akaweka ule ukurasa mezani, sehemu kumi na moja, siku na mlango wa kila moja, na nakala ya barua aliyoandika kwa wakala wa pili kumwomba asitume tena jina lake popote.

Wakala alisoma mpaka mwisho. Alichukua kalamu, akakata majina manne aliyosema hayana madhara, akazungushia duara mawili ya viwanda alivyokuwa akitaka kumpeleka mwezi uleule. "Hivi ningeenda navyo kichwa kichwa," alisema. Bi Jicho aliona kwamba meza ya jirani, iliyokuwa ya kijana wa miwani siku ile ya kwanza, sasa haina hata kikombe. Waya wa kompyuta ulikuwa umelala sakafuni.

"Ya nyuzi imekwenda," wakala alisema. "Wamemchukua mtu. Sitakudanganya kwamba nitawabembeleza, maana walinisema mimi mbele ya bosi wangu. Lakini hii karatasi hakuna aliyewahi kuniletea. Watu wakiharibu huwa hawapokei simu." Akaikunja na kuitia kwenye faili lake, si kwenye kapu. "Jumanne zako ziendelee."

Zikaendelea tisa. Katika miezi hiyo Mipango hakuja kula kwao. Alipeleka salamu kwa kaka yake, akasema ana mafua, kisha akasema ana shughuli, kisha hakusema kitu. Mume alianza kupitia chumbani kwake akitoka zamu, na alirudi akiwa na uso uliofungwa. Kwenye meza walibaki na nafasi moja pana kuliko walivyohitaji.

Kazi iliyokuja haikuwa ya kitambaa wala ya uzi. Kiwanda cha vigae kilitaka mtu wa kulinganisha rangi kwa miezi minne, mwenye nafasi yake akiwa likizo ya uzazi. Wakala alimwambia bila kupaka sukari kwamba mshahara uko chini ya ule aliomtajia siku ile. "Ukikataa sitakasirika. Lakini sina kingine, mama, na sijui kama mwezi ujao kiti hiki nitakuwa nimekikalia mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama. Bi Jicho alikubali, akasema asante, akataka kusema zaidi, lakini simu ya pili ya wakala ilikuwa inalia.

Kwenye vigae rangi ilikuwa kitu kingine kabisa. Hapakuwa na mvuke, palikuwa na vumbi. Rangi iliingia kwenye tanuri ikiwa ya kijivu na kutoka ikiwa ya kijani, na hakuna macho duniani yaliyoweza kuiona kabla haijaungua. Vijana wa maabara walikuwa na mashine ya kusoma rangi na walimtazama kama mtu aliyekuja na mizani ya mawe. Wiki ya pili aliwaonyesha kwamba mashine imeyapitisha makasha mawili yaliyofanana chini ya taa yake, na kwamba mwenye nyumba akiyaweka kwenye bafu lenye dirisha, ukuta wake utakuwa na mstari katikati. Waliyatoa nje juani, wakaona tofauti. Tangu siku hiyo walimpa kiti karibu na dirisha. Hakuna aliyemwambia lolote kuhusu mwezi wa tano.

Jumanne iliyofuata aliandika mistari yake miwili, akimweleza wakala kwamba anaendelea vizuri. Jibu lilitoka kwa mtu mwingine, kwa lugha ya ofisi: ndugu uliyemwandikia hayupo tena katika kampuni yetu, tafadhali jaza fomu upya. Alipiga ile simu nyingine ya wakala, ikawa haipatikani. Alipanda zile ngazi Jumamosi, na mpokezi akamwambia kwa sauti ya chini kwamba dada aliondoka na mafaili hayakuruhusiwa kutoka naye. Hakujua anakoishi. Bi Jicho alishuka akiwa na uzito ambao hakuutarajia. Walikuwa wameonana mara tatu tu, na mtu yule hakuwa hata shangazi yake.

Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipita mtaa wa pili, akabisha kwenye chumba cha shemeji yake.

Mipango alifungua akiwa na fulana, hakuwa na shati la kunyoosha. Alibabaika, akatoa nguo kwenye kiti, akasema hana hata cha kumkaribishia. Bi Jicho aliketi. Walizungumza habari za mabinti na za mguu wa kaka yake uliokuwa ukivimba kwa kusimama. Kisha akamwambia amwonyeshe wasifu wake mwenyewe, sio wa mtu.

Alichelewa kuutoa. Ulikuwa kurasa nne, umejaa maono na umataifa, na kazi ya mizigo ilikuwa imeandikwa kwamba inaendelea mpaka leo. Bi Jicho aliusoma wote, akauweka chini, akaomba karatasi tupu. Alimuuliza alichokuwa akifanya kwenye mizigo, hasa hasa, asubuhi akifika anaanza na nini. Alijibu kwa maneno makubwa, naye Bi Jicho akamngoja. Akajibu tena. Ikaja polepole kwamba alikuwa akijua kwa kichwa makaratasi ya kila aina ya mzigo, na kwamba kwa miaka minane hakuna kontena lake lililolala bandarini kwa kukosa muhuri.

"Hilo mbona hukuliandika?"

"Nilidhani ni dogo."

Akaliandika. Walipofika kwenye ile miaka mitatu, kalamu ilisimama, na Mipango akaomba waruke.

"Wataiona tu, shemeji," Bi Jicho alisema, na akaandika kwa mwandiko wake mdogo wa maabara: nimekuwa natafuta kazi. Akamgeuzia karatasi. Mipango aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi kitandani akaisoma tena, midomo ikitikisika kidogo. Nje mtu alikuwa akianika nguo na kuzikung'uta moja moja. Baada ya muda aliuliza kama muhuri unaandikwa kwa "m" au "mu", na Bi Jicho akamwambia hata yeye hana hakika, wataulizana na mabinti.